Avril Kwenye Karatasi ya Chipsi

Basi la ghorofa la kwenda Grimsby lilinuka siki. Beryl alifunua chipsi zake, akapiga ukelele. "Shoga! Tazama hili gazeti walilonifungia! Si Avril huyu, yule mrembo aliyekuwa akipigwa picha kifua wazi?"

"Ndiye! Maskini, pombe ilimmaliza."

"Pombe gani, Noreen? Wakubwa wa gazeti walimtupa alipozaa tu. Miaka miwili ya picha, kwisha!"

"Nani alimlazimisha kuvua?"

"Wewe ungeenda, wangekusihi uvae koti!"

Wakacheka mpaka abiria wakageuka. Nyuma yao alikaa Wilf, aliyemzika mkewe, Avril huyo huyo, majira ya baridi yaliyopita. Wakubwa hao wa gazeti walileta shada la maua mazishini, na jina lake wakalikosea. Picha zake zote Avril alizichoma mwenyewe kabla hajafa. Sasa Wilf aliona mafuta ya chipsi yakimpanda Avril shingoni pale gazetini, yakielekea kwenye lile tabasamu.

"Pombe!"

"Wakubwa, nakwambia!"

Basi likasimama. Beryl akaanza kuikunja karatasi na chipsi zilizobaki.

Wilf akainuka, kofia mkononi. "Samahani, dada. Chipsi ni zako. Karatasi naiomba."