Kikohozi Nilichokimeza

Bwana asifiwe! Nimekuja hapa mbele kwa miguu yangu, hakuna aliyenishika mkono. Wengi mnanijua kama mama yake Kerubo, yule anayetunza wazee huku ughaibuni, kule Bloomington. Shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo nitasema vile najua.

Ndugu zangu, mimi nimemeza kikohozi tangu nikiwa msichana. Baba yangu alikohoa, watu wakasema ni TB, wakamtengea kikombe cha bati, kikaangikwa nje kwa msumari. Alikufa hajanywa tena chai na sisi. Nikaapa hakuna mtu atanitenga mimi. Kikohozi kikija nafunga mdomo, nameza, machozi yanatoka, nanyamaza.

Majira ya baridi yaliyopita, pale Eagan tunapokaa, mafua yalinishika, yakashuka kifuani. Jumapili nikakohoa mara mbili ibadani, dada mmoja akahamisha mtoto wake kwenye viti vya mbali. Simlaumu, mtoto ni wake. Lakini mimi nilimwona baba yangu. Nikanunua dawa ya maji ya kunyamazisha kikohozi, nikaificha chini ya leso zangu. Siku tatu nikawa kimya kabisa. Akina mama wa maombi walipopiga simu, nikawaambia Bwana ameniponya. Wakashangilia. Ndugu zangu, nilitoa ushuhuda wa uongo! Leo natubu mbele yenu.

Kerubo alinipima joto, hakuna homa. Nikamcheka, nikamwambia amezoea wagonjwa mpaka anawatafuta nyumbani. Kumbe mwili wa mzee unaweza kuugua vibaya bila kuchemka. Siku ya nne nilishindwa na ngazi tatu za mlangoni, nikamwita Kerubo kwa jina la dada yangu aliyekufa zamani. Hapo hakuniuliza tena. Alinivika koti, akaniingiza kwenye gari.

Hospitalini wakasema ni nimonia. Wakaniwekea oksijeni puani na dawa ya kuua viini kwenye mshipa. Lakini pumzi ilizidi kupungua, nikasikia Kerubo akiambiwa huenda nikawekewa mashine inipumulie. Nesi wa zamu alikuwa msichana wa kwetu kule nyumbani, Moraa. Akanisikiliza mgongoni na chombo chake, akaniambia nikohoe. Nikamjibu sina kikohozi.

"Mama," akasema, "hayo makohozi unamwekea nani?"

Nilikasirika, nikamuuliza kama anaongea hivyo na mama yake. Akasema mama yake ni mbishi zaidi yangu. Kisha akavuta kiti, akanieleza kwamba ndani ya mirija ya pumzi kuna vinywele vidogo ambavyo macho hayaoni, vinafagia uchafu kwenda juu bila kuchoka. Makohozi yananasa viini. Kukohoa ni kuvitupa nje. Damu nayo ina askari wake.

"Mwili wako unapigana, mama. Wewe unaushika mikono."

Ndugu zangu, nimefagia boma miaka sitini. Sijawahi kufagia takataka nikazirundika nyuma ya mlango. Na ndivyo nilivyofanya kifuani mwangu, kwa kiburi na kwa woga!

Moraa akanipa mto niukumbatie kifuani. Kerubo alikuwa pale, daktari mzungu alikuwa pale, nyuma ya pazia kulikuwa na mgonjwa mwingine. Nikasema moyoni, Bwana, wacha wanitenge. Nikakohoa. Nikakohoa tena mpaka mbavu zikalia. Makohozi yakatoka, ya rangi ya kutu. Hakuna aliyehama. Kerubo ndiye aliyenishikia beseni. Kesho yake pumzi ikaanza kupanda, na ile mashine haikuletwa.

Wako watakaosema ni dawa tu, si Mungu. Wako watakaosema aliye na imani haendi hospitali. Wote nawakatalia! Dawa ilinipigania, Moraa alinipigania, na aliyeweka ufagio kifuani mwangu kabla sijazaliwa ni Bwana.

Sasa nakohoa. Nikiwa na mafua navaa barakoa, nakohoa kwenye kiwiko, lakini simezi. Wewe uliyekaa hapo umebana kifua, mtumaini Bwana, kisha uende ukapimwe. Kama unaogopa kwenda peke yako, niambie, nitakaa kando yako mpaka yatoke.

Asante Yesu kwa pumzi hii. Semeni amina. Na anayetaka kukohoa, akohoe.