Mafuta ya Mfupani

Benchi letu liko kati ya bucha na duka la vifaa vya bomba, na ingawa hajawahi kulikalia, mwenyewe hasa ni Mzee Birika, muuza kahawa. Yeye hukaa nyuma ya jiko lake la mkaa, na siku hizi amelipandisha juu ya matofali kwa sababu nyonga ya kulia imekataa kuinama. Ukimwona anavyonyanyuka, utakunja uso wewe. Jioni ile alitakiwa kulazwa hospitali, kesho yake asubuhi wamwekee nyonga ya bandia. Begi la kwenda nalo hatukuliona. Alimimina kahawa kama siku zote, na sisi badala ya kumuuliza tukabaki kubwabwaja, maana ndivyo tulivyo tukiwa na hofu. Mimi ni fundi viatu, nakaa mwisho wa benchi, na siku hiyo nilitamani kuwachapa wote kwa kiatu.

— Siendi, alisema Mzee Birika bila kumtazama mtu.

— Huendi wapi? aliuliza Shoka, mwenye bucha.

— Hospitali. Daktari kaniambia jambo, moyo ukanilipuka. Eti wakiwa wanagongea kile chuma ndani ya mfupa wa paja, mafuta ya uboho yanaweza kukamuliwa yakaingia kwenye damu. Yakifika mapafuni yanaziba. Unakosa pumzi palepale mezani.

— Acha hizo, mzee. Mimi navunja mifupa tangu sijaota ndevu. Uboho mzito ule, umeganda kama samli. Utasafiri uende wapi?

— Ng'ombe wako amekufa, alisema Koki, fundi bomba. Huyu yuko hai, ana joto. Halafu kazi hiyo mimi naijua. Chukua bomba limejaa grisi, sukumiza fimbo inayobana humo ndani. Grisi itakaa? Itatafuta pa kutokea, hata kwenye ufa ambao hukujua upo.

Niliitazama nyonga ya mzee.

— Basi watoboe tundu chini yake, alisema Shoka. Itokee huko.

— Mfupa wa mtu utoboe kama debe? aliuliza Koki.

— Au akae karibu na moto, yayeyuke yaishe kabla.

— Hapa nimekaa wapi? aliuliza Mzee Birika.

Nikadakia na mimi, nisionekane sina la kusema.

— Asile mafuta kabisa. Vya kuchemsha tu, mfupa ukauke.

— Operesheni kesho, fundi, Koki akanijibu. Utakauka leo leo, kwani umeanikwa? Tena hujasikia la kichwani. Yakipanda kwenye ubongo mtu anaamka hamjui mkewe. Yuko jamaa aliamka anaongea lugha ambayo hata kwao hawaijui.

— Mzee wetu ataamka anapenda chai, alisema Shoka.

Tukacheka. Mzee Birika naye akacheka, kisha akaanza kumimina, mdomo wa birika ukawa unagonga kikombe. Kicheko kikatuishia.

Hapo akatokea binti yake, mshona nguo, begi la baba yake begani.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mwanangu.

— Baba, teksi inasubiri.

— Mimi siendi. Waulize hawa.

Koki akamweleza habari ya bomba na grisi, safari hii bila mbwembwe. Binti alisikiliza mpaka mwisho, akachuchumaa mbele ya baba yake.

— Haya daktari alikwambia mwenyewe. Ulimuuliza wanayazuiaje? Na yakitokea, wanafanya nini?

Mzee Birika akatazama makaa.

— Sikuuliza.

— Mbona hukuuliza, baba?

— Niliogopa atanijibu.

Binti akageuka akatutazama sisi, labda kuna aliyejua. Koki alikuwa anakagua kucha zake. Shoka alijifuta mikono ambayo haikuwa na kitu. Mimi nilijitia kupuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Hata mimi naogopa, baba, alisema binti. Lakini mimi ndiye ninayekunyanyua asubuhi. Nakusikia unavyong'ata shuka ili nisisikie. Twende tukamuulize wote wawili. Akijibu ukaona hutaki, nitakurudisha mwenyewe.

Mzee akamshika bega mwanawe, akanyanyuka, na nyonga ikalia, sote tuliisikia. Akanikabidhi birika.

— Moto usizimike, fundi.

Wakaondoka taratibu, yeye akimwegemea binti, mpaka mlango wa teksi ukafungwa. Shoka akaninyooshea kikombe. Nikainamisha birika, yakatoka machicha ya kahawa matupu.

— Ule wakati wa kugongea, aliuliza Koki kwa sauti ya chini, yeye anakuwa anasikia?

Nikaongeza mkaa, ingawa hatukuwa na cha kuchemsha.