Abby Yuko Wapi Saa Hii?

Karibu na stesheni ya zamani ya Voi kuna benchi moja, birika la kahawa la Mutindi, na wanaume ambao hawajawahi kupanda ndege lakini wanaijua kuliko rubani. Siku hiyo Festus hakufuata porojo pale, masikini. Bintiye Abby alikuwa angani, anaenda London kutunza wazee, na mkewe Dinah alikuwa amefunga kwa maombi, ameapa hatatia kitu mdomoni hadi mtoto afike. Na Dinah mwenyewe ana vidonda vya tumbo! Tiketi ilisema kutoka Nairobi saa tatu na nusu asubuhi, kufika saa kumi jioni. Sasa ilikuwa kumi na nusu, na simu ya Abby haishikiki.

— Masaa sita na nusu hayawezi, alisema Opiyo Signo, mstaafu wa reli. — Hiyo ni kilomita elfu sita mia nane, bwana. Voi mpaka Mombasa mara arobaini na tano! Lazima mahali isimame, ipishane na ingine.

— Angani kuna reli?

— Mwenda pole hajikwai, Festus.

Lewis Satelaiti, fundi wa madishi ya TV, akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Wacha kudanganya mzee wa watu! Dunia si inazunguka? Ndege ikishapanda, rubani anazima injini, anatulia. London inakuja yenyewe. Ndiyo wahenga wakasema mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Kwa hivyo mtoto wangu ananing'inia tu?

— Kwa raha zake. Anakula kuku.

— Na London ikimpita?

— Atangoja ya kesho.

Festus alijua ni upuzi, lakini akawaza nyumbani. Ni kama alimwona Dinah pale kitini, uji umepoa, mkono tumboni. Akifunga hivi, kesho hatafika huyu.

Mwalimu Selpha akaja na thamosi yake kununua kahawa. Festus akamsukumia simu yenye tiketi kabla hata hajasalimia. Selpha akasoma, akatabasamu.

— Baba Abby, hii saa kumi ni ya kule. Wako nyuma yetu masaa mawili. Kwa saa zetu atatua kumi na mbili.

— Asifiwe Bwana! Festus akampiga Lewis kofi la mgongo. — Umesikia, wewe wa kuzima injini?

— Na akitua, anapokelewa na nani? Selpha akauliza, akifunga thamosi.

— Ajenti alisema kuna mtu.

— Mtu gani?

Festus akamtazama Signo. Signo akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Wiki nzima walikuwa wamehesabu kilomita, wala hakuna aliyeuliza hilo.

Festus akampigia mkewe, akaanza na habari njema.

— Mama Abby, kula kitu. Kumbe ndege haijachelewa, iko sawa kabisa.

— Najua iko sawa. Ndege ina rubani.

— Sasa unafungia nini?

— Nafungia huyo mtu wa kumpokea. Wewe umewahi kuambiwa jina lake?

Festus akamrudishia Mutindi kikombe chake cha kahawa, bado kimejaa.