Evaristo Lucatero, Aliyepitwa kwa Siku Kumi na Moja

Wasikilizaji wapendwa, mlio mashambani shukeni kwenye ngazi kidogo, mlio jikoni punguzeni moto. Leo tunamkumbuka Evaristo Lucatero, mpogoaji wa mitufaha hapa Bonde la Yakima, jimbo la Washington. Evaristo amefariki kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja.

Alitoka Michoacán, Meksiko, akiwa na miaka kumi na mitano, amemshika mkono mdogo wake Noemí, wa miaka sita. Mama yao, Doña Crescencia, alibaki kumuuguza bibi. Huku Marekani Evaristo ndiye aliyekuwa baba, ndiye mama. Hata nywele alisuka yeye. "Alisuka vibaya mno!" anasema Noemí. "Shuleni waliniuliza nimepigana na nani."

Mwaka 2012 serikali ilitangaza kwamba waliokuja wakiwa watoto, bila karatasi za uhamiaji, wanaweza kuomba wasifukuzwe kwa miaka miwili miwili, na wapewe kibali cha kazi. Lakini uwe hujatimiza miaka thelathini na mmoja siku ya tangazo. Evaristo alikuwa ameitimiza siku kumi na moja kabla. Narudia, wasikilizaji: siku kumi na moja.

Noemí alifaa. Lakini alikataa kuomba, kwa sababu fomu ilitaka anwani.

"Anwani yangu ndiyo yako, kaka. Serikali ikigeuka kesho, watagonga hapa. Watakukuta wewe."

"Hawatanikuta."

"Utakuwa wapi?"

"Kwa Chema wa kazini. Ana trela ya kulala nyuma ya nyumba."

"Chema anakoroma kama trekta!"

"Nitaziba masikio. Jaza fomu, mkaidi wewe."

Kesho yake alihama na begi moja na sufuria ya maharage. Aliishi kwenye trela ile miaka kumi. Miaka kumi, wapendwa. Jumapili alikuja kula kwa mdogo wake, na gari aliliacha mtaa wa pili, lisionekane mlangoni pake.

Kibali kilipotoka, Noemí alimpelekea. Evaristo alikisoma mbele na nyuma. Akasema, "Kwenye picha umenuna." Kisha akatoka nje kukagua tairi ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

Kwa kibali hicho Noemí alisomea uuguzi. Msimu huu wa baridi alimwona kaka yake anahema akipanda ngazi mbili tu. "Nilimfokea akapimwe. Akasema tumalize kwanza kupogoa." Hakumaliza.

Noemí akataka kumpeleka nyumbani Michoacán akazikwe. Kibali cha kazi hakikumruhusu kutoka na kurudi, kwa hiyo aliomba ruhusa maalumu ya mazishi. Alipewa siku kumi na tano. Mwanasheria alimwonya: hata ukiwa nayo, mpakani wanaweza kukukatalia kurudi. Noemí alisaini, akaondoka na jeneza.

Mama hakuwa amewaona kwa miaka ishirini na sita. Alisimama mlangoni, akamshika Noemí mashavu. Akalitazama jeneza. Akasema, "Piteni ndani, wanangu. Mmechoka."

Noemí amerudi salama Alhamisi iliyopita. Leo asubuhi ameingia zamu wodini.

Doña Crescencia, Noemí, na wewe Chema uliyempa mahali pa kulala, poleni sana. Bonde zima linalia nanyi. Nasi tuliobaki tutafakari: hapa kwetu wapo wengi ambao tarehe iliwapita, na tunawajua kwa majina. Jumapili hii, mmoja wao akaribishwe mezani kwako. Na aegeshe gari lake mlangoni.