Kidole cha Kusubiri: Historia ya Marehemu Tupokigwe Mwasomola

Baba mchungaji, wazee wetu, majirani wa Ndandalo, na ninyi mliofika kutoka Makwale, Mbeya na ng'ambo ya mpaka wa Kasumulu, poleni sana na msiba. Mimi ni Hebroni, mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea historia yake, na nikikwama mnivumilie, maana huyu ndiye aliyenibeba mgongoni.

Dada yetu Tupokigwe alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Makwale, mtoto wa kwanza wa mzee Anyisile Mwasomola na mama Veronika, akasoma shule ya msingi hapohapo Makwale kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, ambako walimu waliandika kwamba ana akili nyingi na ubishi mwingi, na sisi wa nyumbani hatukuwa na la kupinga.

Mwaka 1977 alipelekwa Tukuyu kusomea ufundi wa nyumbani kwa miaka miwili, na baridi ya kule ilimtesa mtoto huyu wa Kyela mpaka akalia, kwa hiyo alijifunza kufuma kwa sindano ili kwanza apate cha kuvaa yeye mwenyewe, na tangu hapo mikono yake haikujua tena kukaa bure.

Tarehe 9 Oktoba 1982 alifunga ndoa na shemeji yetu Zabroni, mkulima wa mpunga na kokoa wa hapa Ndandalo, ambaye alitangulia mbele za haki tarehe 3 Mei 2009, nao walijaliwa watoto wawili, Sylvester aliyezaliwa mwaka 1984, na Kisa aliyezaliwa mwaka 1988, ambaye ni muuguzi huko Makete, tena ndiye aliyerithi ule ubishi wote, hakubakiza hata chembe kwa kaka yake.

Marehemu alilima, akauza vitenge kati ya hapa na Karonga, na magoti yalipoanza kumsumbua mwaka 2013 akaingia kwenye biashara ambayo Kyela nzima ilimcheka, yaani kufuma skafu za baridi kwa uzi wa manyoya ya bandia, zile za mviringo zisizo na ncha, unaipitisha kichwani inakaa shingoni. Jamani, Kyela hii, jasho linatuchuruzika tumekaa! Alikuwa anafuma miguu ikiwa ndani ya beseni la maji na khanga juu ya mapaja ili uzi usilowe, na mimi nilimcheka kuliko wote, naungama mbele yenu. Yeye alipakia mzigo kwenye basi akauza Tukuyu na Uyole, akarudi na mabati ya nyumba hii tuliyokaa mbele yake.

Uzi ule una tabia yake, manyoya yanafunika vitanzi vyote, macho hayaoni kitu, fundi anahesabu kwa ncha za vidole, na ukikosea haufumuliki, unashikana kama nywele zisizochanwa. Kwa hiyo alipokuwa anahesabu, hata angekuja nani, alikuwa anainua kidole kimoja, nawe unasimama mpaka amalize mstari, ndipo akuitikie salamu yako vizuri, akuulizie na watoto. Wangapi hapa mmesimamishwa na kidole kile?

Skafu yake ya kwanza kabisa ya manyoya alimpelekea Kisa huko Makete kwenye baridi, mwezi Julai 2013, lakini alipounganisha duara hakuona kwamba mstari wa kwanza umejipinda, na skafu nzima ikatoka imejinyonga. Kisa akairudisha kwa kondakta wa basi na kikaratasi, kwamba imepinda na wenzake kazini wanamcheka. Dada aliifungia sandukuni, na kuanzia siku ile hakuunganisha skafu yoyote kabla ya kupitisha vidole kwenye duara mara tatu. Wale wale wenzake Kisa baadaye walinunua skafu zake, lakini Kisa aliona aibu kuomba nyingine, na mama yake aliapa hatampa mpaka aombe, wakakaa hivyo miaka kumi na miwili, wanapendana, wanapigiana simu kila Jumapili, na skafu haitajwi.

Mwezi Novemba 2023 marehemu aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akatibiwa Mbeya, na hali ilipozidi mwezi Februari mwaka huu wa 2025 Kisa alichukua likizo akaja kumuuguza. Ugonjwa ulimletea baridi, yeye katika joto hili anatetemeka, na tarehe 14 Juni alimwagiza Kisa afungue sanduku amvike kilichomo. Kisa alikuta ile skafu iliyopinda, akamvika mama yake, akapiga magoti akamwomba msamaha, na mama, aliyekuwa na sindano za kufumia mkononi, akainua kidole. Mstari ule hakuumaliza, usingizi ulimchukua, hakuweza tena kuzungumza, na tarehe 17 Juni saa mbili asubuhi, hapa nyumbani, alifariki dunia.

Tangu Jumanne mpwa wangu Kisa hali, hanywi, anasema mama amekufa hajamjibu. Kisa, mama, nisikilize. Siku ya Pasaka dada alinituma mjini Kyela nikamletee uzi wa kijivu, akaanza kufuma mbele yangu, akaniambia ni ya Kisa, usimwambie, kanajifanya hakataki, na ndiyo hiyo iliyobaki kwenye sindano. Kidole kile sote tunakijua, hakijawahi hata siku moja kuwa hapana, maana yake ni subiri, namalizia mstari wako.

Shangazi wameomba kazi hiyo iwekwe ndani ya jeneza, lakini kwa mamlaka ya mjomba nasema dada anazikwa na ile iliyopinda, ameivaa tayari, na hii ya kijivu anapewa Kisa, imebaki mizunguko kumi na tisa, naye alifundishwa kufuma akiwa na miaka kumi, asiseme amesahau.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mbeya, mchungaji na wanakwaya, wakuu wa kazi wa Kisa waliompa ruhusa, na majirani mliopika na kuteka maji siku zote hizi, ndaga fijo, asanteni sana.

Pumzika kwa amani, dada yangu, sindano ziko kwa Kisa.