Rangi ya Madirisha Usoni kwa Minza

NGELEJA: Haloo? Haloo, unanipata hapo?

LUKRESIA: Napata kidogo kidogo. Nani mwenzangu? Namba siijui.

NGELEJA: Ngeleja, wa Mwanhuzi. Baba Kija. Hii laini mpya.

LUKRESIA: Ee, shemeji! Mwangaluka.

NGELEJA: Mwangaluka, mayu. Za Somanda?

LUKRESIA: Salama. Nina gauni la watu kwenye cherehani na pini mdomoni, ndiyo maana nanung'unika hivi. Kija hajambo?

NGELEJA: Mzima. Nimempeleka kwa bibi yake, kule Kimali, tangu — [mkwaruzo] — aingie.

LUKRESIA: Tangu nini?

NGELEJA: Tangu Anna aingie ndani. Mke wangu. Si nilikutumia ujumbe?

LUKRESIA: Ulituma. [Anatemea pini kiganjani.] Hata miezi tisa tangu tumzike mdogo wangu Minza haijatimia. Haya, hongera.

NGELEJA: Asante. Sasa sista, usimaindi, nina kashida kadogo. Ni ile picha.

LUKRESIA: Picha ya Minza?

NGELEJA: Hiyo hiyo. Bonge la picha. Kila mgeni akiingia sebuleni anauliza, nani kaichora? Nawaambia shemeji yangu, fundi cherehani, hajasomea, kajifunza mwenyewe tu. Hawaamini.

LUKRESIA: Imepata unyevu? Nilikwambia usiitundike ukuta wa bafuni.

NGELEJA: Hapana, iko fresh. Lile gauni la kijani, shanga, ng'ombe kule nyuma, hata mkunjo wa kitambaa begani unaonekana. Vyote viko sawa kabisa. Ni uso tu.

LUKRESIA: Uso una nini?

NGELEJA: Ubadilishe.

LUKRESIA: Sikusikia, upepo.

NGELEJA: Nasema ubadilishe uso tu! Uweke wa Anna. Shingo zao zinafanana, nimepima kwa macho. Mwili ni ule ule, hutapata kazi kubwa.

[Cherehani inasimama.]

LUKRESIA: Ngeleja.

NGELEJA: Naam.

LUKRESIA: Hilo gauni nililishona mimi. Minza alilivaa siku ya kipaimara cha binti yangu Elizabeth. Unataka nimvalishe mwingine, halafu nimkate mwenyewe shingo?

NGELEJA: Nani kasema kukata? Unachora juu. Wewe mwenyewe ulisema hiyo rangi yako ya akriliki ukikosea unasubiri ikauke, unapaka juu yake.

LUKRESIA: Ukikosea! Mimi nilikosea wapi? Jicho la kushoto peke yake nililikalia wiki mbili. Rangi ile inakauka hujapumua, unachovya, unapaka, imeshagoma. Nilikuwa nainyunyizia maji kama mtu anayepiga pasi. Ptuu! Mate yamekuwa machungu mdomoni.

NGELEJA: Mayu, usichukie. Anna hali chakula pale sebuleni. Anasema akiinua tonge, huyu anamtazama.

LUKRESIA: Basi mshushe, umlete kwangu.

NGELEJA: Na ukuta ubaki mtupu? Watu wameshazoea picha pale.

LUKRESIA: Utaniua wewe. Kinyaa ninachosikia, kama nimekanyaga kitu peku. Ile picha yake ya pasipoti niliyokuwa naiangalia nikimchora, iko wapi?

NGELEJA: Ile... ililowa. Mvua ya Machi.

LUKRESIA: Na za kwenye simu?

NGELEJA: Simu si ilitumbukia lamboni? Ulishajua.

LUKRESIA: Kwa hiyo Minza amebaki pale ukutani tu, duniani hapa. Mtoto ana miaka mitatu. Akiwa mkubwa akiuliza mama yangu alikuwaje, utamwonyesha Anna kwenye gauni la mama yake?

NGELEJA: Mtoto atasahau, shemeji. Sasa sikia, nimeshakupunguzia kazi.

LUKRESIA: Umepunguza nini?

NGELEJA: Fundi aliyepaka madirisha alibakisha rangi ya mafuta kwenye kopo, ile ya krimu. Nimeshapaka koti moja pale usoni. Uso wote. Ili ukija upate pa kuanzia.

LUKRESIA: Mungu wangu.

NGELEJA: Haloo?

LUKRESIA: Umempaka rangi ya madirisha usoni.

NGELEJA: Koti moja tu.

LUKRESIA: Saa ngapi?

NGELEJA: Sasa hivi, haijafika hata nusu saa. Bado inanata. Inzi mmoja keshaganda hapo puani.

[Lukresia anasikika akisukuma kiti. Akirudi, sauti yake ni tamu kama ya mtu anayembembeleza ndama aingie zizini.]

LUKRESIA: Sawa, shemeji yangu. Umeshinda. Nitakuchorea Anna wako.

NGELEJA: Si unaona! Nilijua tu wewe ni muelewa.

LUKRESIA: Ila umeharibu jambo moja, kwa kutojua. Akriliki haishiki juu ya rangi ya mafuta. Nikichora hapo, mwezi mmoja tu Anna anabanduka kama gamba la mhogo.

NGELEJA: Anabanduka?

LUKRESIA: Pua kwanza. Kwa hiyo krimu hiyo itoke, itoke yote, kabla haijakauka. Sasa hivi, nikiwa hapa kwenye simu.

NGELEJA: Rahisi hiyo. Fundi aliacha thina hapa, namwaga —

LUKRESIA: Weka chini! Ngeleja, weka chini hiyo chupa! Thina inakula mpaka kitambaa!

NGELEJA: Basi, basi, nimeweka. Unapiga kelele hivyo?

LUKRESIA: Nakuhurumia wewe na Anna. Jikoni kuna mafuta ya pamba?

NGELEJA: Yapo.

LUKRESIA: Chukua, na kitambaa laini, fulana iliyochakaa. Mshushe umlaze mezani dirishani. Weka spika.

[Vyombo vinagongana. Mtandao unakwaruza.]

NGELEJA: Tayari.

LUKRESIA: Lowesha. Anza kidevuni. Usisugue, shemeji. Unafuta kama unavyomfuta mtoto uji. Vanishi niliyompaka itamkinga, ila mkono uwe mwepesi.

NGELEJA: Inatoka! Aisee, inatoka.

LUKRESIA: Geuza kitambaa, usirudishie uchafu. Unaona nini?

NGELEJA: Kidevu. Sasa mdomo... na ule mwanya.

LUKRESIA: Panda. Na huyo inzi wako mtoe kwa ncha ya ukucha.

NGELEJA: Katoka. Pua imetoka. [Kitambaa kinasimama.] Shemeji, hapa juu tuache. Utaanzia hapo.

LUKRESIA: Kwenye macho ndiko rangi inakojificha. Endelea.

NGELEJA: Mkono umechoka.

LUKRESIA: Umechoka kwa nini, umelima? Futa, Ngeleja.

[Kitambaa kinasikika, taratibu. Kisha hakisikiki.]

LUKRESIA: Haloo?

NGELEJA: Nipo.

LUKRESIA: Jicho limetoka?

NGELEJA: Yote mawili. [Anakohoa.] Kumbe ulimwekea na ule wekundu pembeni. Ule wa siku zile alipokuwa halali usiku, kabla... Mimi nilikuwa naona picha tu ukutani, shemeji. Sikuwahi kumsogelea hivi.

LUKRESIA: Najua hukumsogelea.

NGELEJA: Unasemaje?

LUKRESIA: Nasema futa paji la uso.

NGELEJA: Limeisha. Yuko safi. Kabaki na krimu kidogo kwenye nywele. [Pikipiki inanguruma karibu.] Huyo Anna, katoka mnadani. Nimfunike? Shemeji, nimfunike na nini?

LUKRESIA: Usimfunike, kitambaa kitamganda. Mwache wazi, nimkute amekauka. Gari la saa saba nalipanda.

NGELEJA: Leo leo? Asante! Uje na brashi zako zote.

LUKRESIA: Nakuja na koleo la kung'olea misumari.

NGELEJA: Koleo la nini?

LUKRESIA: Nambandua kwenye mbao, namkunja kwenye kanga, naondoka naye. Napita Kimali nimwonyeshe Kija, ndipo nirudi Somanda.

NGELEJA: Uliniahidi Anna!

LUKRESIA: Nilikuahidi nimeziba pua, ili umfute tu.

NGELEJA: Ni yangu hiyo! Fremu nimeichonga kwa mninga —

LUKRESIA: Fremu nakuachia. Itundike hivyo hivyo, wazi. Wageni wakija, mwambie Anna asimame nyuma yake.

NGELEJA: Shemeji, dakika zangu zinaisha, ngoja kwanza... Anna, subiri hapo nje! Shemeji, anaingia, nimwambie nini? Nimwambie nimefanya n —

[Tii. Tii. Tii.]