Dkt. Ishmael Angwenyi, Aliyewafundisha Bakteria Kazi ya Pareto

Marehemu Dkt. Ishmael Angwenyi alizaliwa Kiogoro tarehe 12 Machi 1958, mwana wa Mzee Ombui na Mama Nyaboke. Shule ya msingi alisoma papo hapo Kiogoro, akiwa wa kwanza darasani na wa mwisho kuoga. Siku moja alificha kibuyu cha uji chini ya kitanda ili aone utachacha mpaka wapi. Ndugu zake walihama chumba, uji ulibaki.

Alihitimu Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1981, akaenda Uholanzi kwa shahada ya uzamifu, akarudi 1993 bila mke wa Kizungu, jambo lililowasikitisha waliokuwa wameshaanza kumsengenya. Kazi yake, kwa sisi tuliokuwa tukiitikia kwa heshima tu, ilikuwa hii: alitia jeni za mmea ndani ya bakteria, ili bakteria wakilishwa sukari watengeneze kemikali ambayo mmea hutengeneza shambani. Na kati ya mimea yote aliyoiumba Mungu, yeye akachagua pareto, ua la dawa ya kuulia wadudu.

Hapo ndoa ikataka kuvunjika kabla ya kufungwa. Mwaka 1994 alipeleka posa Sironga kwa Mzee Machogu, baba wa mchumba wake Mokeira, mzee aliyesomesha watoto wote kwa maua ya pareto. Mzee alipoelezwa kazi ya mkwe, aliweka kikombe chini, akasema hampi binti mtu anayefuga vijidudu vya kumfukuza shambani. Wazee wetu walirudi wameshiba, lakini mikono mitupu. Mokeira, ambaye hakutaka mwingine, akamwomba baba yake angalau akawaone hao maadui.

Mzee alifika maabara Nairobi pamoja na Mokeira, amevaa koti la kanisani. Akaonyeshwa chupa yenye maji ya rangi ya machungwa: bakteria walikuwa wamekubali kutengeneza rangi ya karoti, ila pareto waliikataa katakata. Akauliza wanakula nini. Akajibiwa: sukari, kila siku, hata Sabato.

“Wanakula sukari bure na kulima hawataki,” akasema Mzee. “Hawa si wa kuogopwa. Tunao wengi pale sokoni Nyamira. Mokeira, olewa.”

Walifunga ndoa Jumapili, tarehe 18 Desemba 1994.

Novemba 1998 Daktari alianza kuugua figo. Juni mwaka huu, akiwa amelazwa Kisii, habari zilitoka maabara: bakteria wametengeneza kipande cha kwanza cha kemikali ya pareto. Si pareto kamili, kipande tu. Angeweza kunyamaza. Mzee Machogu alipokuja kumwona, Daktari alimwambia. Mzee akamfunika shuka vizuri, akasema:

“Basi pona upesi uwasimamie, mwanangu. Wakiachwa peke yao watarudia ile rangi ya karoti.”

Hakupona. Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Agosti 1999. Ameacha mjane wake Mokeira, watoto wao Nyabuto na Nyamusi, mama yake, ndugu zake, na Mzee Machogu, ambaye leo alfajiri aliingia shambani kuchuma pareto iliyo juu ya jeneza hili, akakataa kusaidiwa.

Na apumzike kwa amani, Daktari wetu, chini ya maua ya mkwewe.